Maziwa ya Yaya Bea

Yaya Bea alizikwa Jumanne, mimi nikafika Kalemie Jumatano mchana. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya kutoka Manono, pikipiki ikalala kwenye tope kabla ya Niemba, na dereva na mimi tukangoja hapo mpaka wakulima wa jirani walipokuja kutusaidia kuitoa. Kwa hiyo sikumwona. Nilikuta wanawake wameketi juu ya mikeka uani, viatu vyao vimepangwa ukutani, wanachambua sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya wageni na kuzungumza kwa sauti ya chini habari zisizomhusu marehemu: nani amejenga wapi, mtoto wa nani amevuka kwenda Kigoma. Mwanamke kijana akanisogezea nafasi, akauliza, "Mama, wewe njo nani wake?" Nikamjibu kwamba nilipanga kwao mwaka mmoja, zamani, nilipokuwa nasomea uuguzi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye majani yake. Mwaka mmoja. Nilipoutamka ulisikika kama kitu kidogo. Lakini karibu kila jambo nililowafundisha wauguzi wa Manono kuhusu dawa za ubongo, kwa miaka yote niliyofundisha, nililipata katika nyumba ile.

Nyumba ilikuwa na sebule na vyumba vitatu, na kuta zake hazikufika kwenye mabati. Juu ya kila ukuta palikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kupitisha kichwa, na humo yalipita maneno yote ya nyumba, pamoja na moshi wa samaki. Mwenye nyumba, Mama Anasta, alikuwa akikausha samaki wa ziwa, mikeke na ndakala, uani na kuuza sokoni. Nguo zake, nywele zake na hata Biblia yake vilinuka samaki, naye alisema harufu hiyo ndiyo iliyowalisha. Bintiye, Beatrisi, ambaye mimi nilimwita Yaya Bea, yaani dada mkubwa, kwa sababu alinizidi umri, alikuwa fundi wa nguo. Mashine yake ilikaa barazani. Wanawake wa mtaa walikuja kwake hata walipokuwa na fundi mwingine karibu zaidi, kwa sababu mshono wake ulikuwa umenyooka ndani kama ulivyonyooka nje, na mabega ya blauzi zake hayakuvuta. Alikuwa amechumbiwa na Fideli, mfanyabiashara mpole aliyepeleka vitambaa na sabuni Manono na kurudi. Fideli alikuwa amelelewa na shangazi yake, Mama Yolanda, na watu wote walijua kwamba harusi itakuwa siku Mama Yolanda atakapotaka iwe.

Mimi nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa shule, nafanya staji, mazoezi ya kazi, hospitalini. Asubuhi nilikunywa chai pamoja nao, jioni tulikula bukari, ugali wa kwetu. Ni mezani nilipoona jambo la kwanza. Yaya Bea aliacha kula samaki. Alichukua bukari na sombe, samaki akamsukumia mama yake. Baadaye nikaanza kusikia mashine ikisimama katikati ya mshono, halafu sauti yake ikijibu. "Hapana," alisema. "Nimekataa." Kisha mashine ikaendelea. Siku moja nilikuwa chumbani napiga pasi gauni langu la kazi, nikasikia Mama Anasta akimuuliza, "Unasema na nani?"

"Wako chini ya mashine," akajibu. "Wanasema samaki wako wamelambwa na maiti."

"Nani wanasema?"

"Mama, kama hauwasikii, nitakuambia nini?"

Walimwombea kanisani. Mchungaji alikuja nyumbani, akamwekea mikono, akaketi akanywa chai, na alipokuwa anaaga akamwambia Mama Anasta mlangoni, kwa sauti ambayo niliisikia vizuri, "Mama, maombi tutaendelea nayo. Lakini umupeleke huyu mutoto kwa dokta. Espe, mupangaji wako, anafanya kazi kule, atakusindikiza." Nimemshukuru mtu yule mara nyingi. Wengine wangemfunga kamba.

Daktari aliyenisimamia katika staji, Dokta Kalunga, ndiye aliyempokea. Alikuwa mtu mkavu, asiyependa salamu ndefu, lakini alimwacha Yaya Bea aseme mpaka akaishiwa maneno. Akampa haloperidoli. Mimi dawa hiyo nilikuwa naijua kwa jina tu. Mwezi haujaisha, sauti zikaanza kupungua. Kwanza ziliacha kutukana, halafu zikawa kama watu wanaoongea nyumba ya jirani, halafu hakuna. Alirudi kula samaki. Mama Anasta aliimba uani tangu asubuhi, na mimi nikajiona kama vile ni mimi niliyemponya.

Kisha mwili wake ukaanza kukaza. Uso ulitulia, ukawa hauonyeshi kama amefurahi au amechukia. Alitembea bila kurusha mikono. Vidole vya mkono wa kulia vilitetemeka vikiwa vimepumzika juu ya paja, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kana kwamba anahesabu rozari. Aliniita barazani. "Espe, nipitishie uzi huu." Nikampitishia. Kesho yake akaniita tena. Siku ya tatu sikungoja kuitwa. Nilimwachia sindano kadhaa zenye uzi kabla sijaenda kazini, naye alizitazama bila kunishukuru, na nilielewa. Wateja walianza kuchukua vitambaa vyao, mmoja mmoja, kwa adabu.

Katika wiki hizohizo, wodini kwetu aliletwa mzee mmoja ambaye moyo wake ulikuwa umeshindwa kusukuma damu. Shinikizo lilikuwa limeshuka hata mishipa ya mkono ilikuwa vigumu kuipata. Dokta Kalunga akaamuru atiliwe dopamini katika dripu, na mimi nikakaa kando ya kitanda nikihesabu matone. Shinikizo likapanda polepole, mikono ikapata joto. Nilikuwa nimesoma kwamba haloperidoli inazuia dopamini. Nikapiga hesabu yangu ya mwanafunzi: Yaya Bea amekauka kwa sababu dopamini yake imezuiwa, na dopamini yenyewe hii hapa, ndani ya chupa. Nikamfuata Dokta kwenye korido nikamuuliza kwa nini tusimpe kidogo tu, vidole vifunguke.

Hakucheka. Alinipeleka kwenye chumba cha wauguzi wa zamu, akachukua chaki, akachora kichwa cha mtu kwenye ubao. "Dopamini iliyo katika damu haiingii kwenye ubongo," akasema. "Mishipa ya ubongo imezibwa vizuri, inachagua. Yule mzee dopamini yake imefanya kazi kwenye moyo na mishipa, huko njo imekuta vipokezi vyake. Kwa Bea ingemupandishia shinikizo, na vidole vingebaki vile." Akaniuliza kipokezi ni nini. Nikasema ni protini iliyo kwenye utando wa seli. "Na inafanya nini?" Nikasema inapokea. "Kupokea si kazi. Dopamini ikikaa juu yake nje, umbo lake linabadilika kwa ndani, na seli inapata habari. Lakini habari gani? Kuna aina tano za vipokezi hivi. Vya jamii ya kwanza vinaichochea seli. Vya jamii ya pili vinaituliza. Na seli zenyewe kila moja ina kazi yake. Sasa haloperidoli inaenda kukaa kwenye vile vya jamii ya pili, inashika sana, haisemi kitu, na dopamini inakosa nafasi. Ni dawa ileile na ukimya uleule. Pale sauti zinapotoka, ukimya unamuponya. Pale mikono inapoongozwa, ukimya unamukausha." Akachora duara dogo chini ya ubongo, akalitazama, akalifuta kwa kiganja. "Hilo tutalisoma siku nyingine." Akamwandikia Yaya Bea kidonge cha pili cha kulegeza viungo. Mtetemo ukapungua, mdomo ukamkauka, na bado hakuweza kupitisha uzi.

Lile duara alilolifuta nililijua mapema kuliko alivyopanga. Jioni moja, juu ya ukuta, nilimsikia Mama Anasta. "Hii njo nini kwenye blauzi yako?"

"Sijui."

"Bea. Mimi nimezaa. Haya ni maziwa."

Mama Anasta akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia, "Niambie tu. Sitakupiga. Ni nani?"

"Hakuna mwanaume, Mama. Hakuna mimba. Nikamue mbele yako kama unataka. Sijui yanatoka wapi."

Yangeweza kubaki siri ya nyumba. Lakini Mama Yolanda alikuwa ameshuka kutoka Manono kuja kupanga siku ya harusi, na wiki ileile alikuja kumsalimia mkwe wake. Yaya Bea alipiga magoti, akampa maji kwa mikono yote miwili, na mama yule, ambaye macho yake hayakuwa yamezeeka, aliona alama mbili zilizolowa kwenye kitambaa. Alikunywa maji, akamaliza, akaomba njia. Kesho yake habari zilikuwa sokoni: binti Anasta amezaa, mtoto amefichwa Kigoma, au hakuishi. Kweli Yaya Bea alikuwa ameenda Kigoma kununua vitambaa kabla ya kuugua, na alikaa huko zaidi ya alivyosema. Hiyo iliwatosha watu. Ujumbe ukaja kwamba familia ya Fideli itafika Jumapili baada ya ibada, kwa mazungumzo.

Nilimweleza Dokta Kalunga. Safari hii alichora lile duara bila kulifuta. Ni tezi iliyo chini ya ubongo, na seli zake za maziwa, kwa mwanamke asiyenyonyesha, zinazuiwa na dopamini mchana na usiku. "Wengi wanadhani maziwa yanangoja kuamriwa yatoke," alisema. "Ni kinyume. Seli hizi ziko tayari kila siku, na dopamini inaziambia subiri. Ukizuia dopamini, hakuna tena wa kusema subiri." Alikubali kupunguza dozi. Nikamwomba aje Jumapili, aieleze familia. Akazungusha chaki vidoleni.

"Nikisema maziwa ni ya dawa," akasema, "swali la pili litakuwa dawa ya nini. Fideli anajua?"

Fideli hakujua. Alikuwa ameambiwa ni malaria iliyopanda kichwani.

"Basi si mimi wa kusema. Umuulize Bea."

Nilimuuliza mezani, mbele ya mama yake, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na mahali pengine pa siri zaidi. Mama Anasta akasema upesi, "Waache waamini ni mutoto. Watu wanasamehe mutoto. Dada yangu alizaa nyumbani na akaolewa. Wazimu hawausamehe." Nilifikiri alikuwa sahihi, na hata leo, baada ya kuona mengi, sijui kama alikosea kuhusu watu. Yaya Bea alikuwa amekata tonge, ameliweka kando ya sahani. "Mutoto gani?" akasema. "Watauliza jina lake. Watauliza kaburi lake liko wapi. Nitawaambia nini, Mama? Nimetoka kusikia watu ambao hawako. Sasa nianze kuzaa watoto ambao hawako?"

Jumapili walikuja watano, wakaketi sebuleni. Dokta Kalunga alikuja akiwa amevaa shati la kanisani, akaketi karibu na mlango, na mimi nikasimama nyuma na sahani ya karanga ambayo hakuna aliyeigusa. Mama Yolanda alisema kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko matusi. Hawakuja kugombana, alisema. Wanataka tu kujua mutoto yuko wapi, ili wajue wanaoa nani. Mama Anasta akafungua mdomo, na Yaya Bea akamshika goti.

"Hakuna mutoto, Mama. Ni dawa ninayokunywa. Dokta huyu hapa, mumuulize."

Dokta akaeleza kwa maneno machache, bila ubao. Mama Yolanda akamsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hata mimi," akasema, "na uzee huu, nikinywa dawa yako nitatoa maziwa?"

"Inaweza kutokea, Mama. Hata mwanaume, mara chache, inamutokea."

Mjomba mmoja akajitazama kifua, watu wakacheka, na kwa muda mfupi nilidhani jambo limekwisha. Mama Yolanda mwenyewe alicheka. Kisha akafuta macho, akageuka. "Na hiyo dawa, mwanangu, unakunywa kwa ugonjwa gani?"

Yaya Bea hakumtazama yeye. Alimtazama Fideli. Uso wake ulikuwa bado umekazwa na dawa, haukuonyesha hofu wala ombi, na nimejiuliza mara nyingi kama uso wake wa zamani ungewabadilisha. "Nilikuwa nasikia sauti," akasema. "Zilikuwa zinanitukana na kunikataza kula. Sasa hazipo. Dawa imezinyamazisha. Imenikausha mikono, imenitoa maziwa, lakini imezinyamazisha."

Hakuna aliyecheka. Fideli ndiye aliyeuliza, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku ile. "Na sasa hivi unasikia nini?"

"Sasa hivi nakusikia wewe."

Fideli aliinamisha kichwa. Shangazi yake aliposimama, alisimama pia. Mlangoni alirudi hatua moja, kana kwamba amesahau kofia, akamshika Yaya Bea mkono ule uliokuwa ukitetemeka, akaushika muda mrefu, akatoka. Ujumbe wa kuvunja uchumba uliletwa na mtu mwingine. Kuhusu mtoto wa Kigoma hawakusema tena kitu popote, na sokoni nako habari hiyo ilikufa; badala yake watu walianza kumpisha Yaya Bea njiani zaidi ya ilivyohitajika.

Dozi ilipopunguzwa, mwili wake ulirudi kwa vipande, na kila kipande kwa wakati wake. Maziwa yalipungua, yakawa tone, yakakauka. Uso ulirudi baadaye. Nakumbuka asubuhi nilipodondosha sufuria ya chai na yeye akacheka mpaka mabega yakatikisika, na Mama Anasta akaingia ndani kwa haraka, akijifanya anatafuta chumvi. Vidole vilikuwa vya mwisho. Sauti nazo hazikubaki mbali kabisa. Dokta alipomuuliza, hakumdanganya.

"Moja imerudi," akasema. "Ndogo. Inakuja asubuhi."

"Inakuambia nini?"

"Inaita jina langu tu."

Dokta akasema anaweza kurudisha dozi ya mwanzo. Yaya Bea akaweka mikono yote miwili juu ya meza yake, akaitandaza, akaitazama. "Hapana, Dokta. Acha iite. Mimi nitashona."

Siku hizi ziko dawa nyingine. Ziko zinazokikalia kipokezi na kukiachia upesi, ziko zinazotoa ishara hafifu badala ya kunyamaza kabisa, na huwa ninawaeleza wanafunzi namna zinavyopunguza ukavu na maziwa. Wanaandika. Mara nyingi mmoja huuliza dozi sahihi ni ipi, na mimi huwapa ya kitabuni, kwa sababu watahojiwa hiyo. Kisha huwaambia wamuulize mgonjwa anafanya kazi gani.

Mwaka ulikuwa karibu kwisha aliposimama barazani msichana mmoja wa kwaya, jina lake Klementina, na kitambaa cheupe mikononi. Alitaka gauni la harusi, mikono mirefu, vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa kutoka shingoni mpaka kiunoni. Alipoulizwa anaolewa na nani, alijibu kwa sauti ndogo, kwani alijua amekuja wapi. Alikuwa anaolewa na Fideli. Kila mtu, alisema, amemwambia hakuna anayeweza kushona mgongo ule isipokuwa Yaya Bea. Mama Anasta alitoka uani na kisu cha samaki mkononi. "Toka hapa," akasema. "Hauna haya?"

"Mama, acha," Yaya Bea akasema. Alichukua kitambaa, akakipitisha kati ya vidole vyake, akakunja pembe, akakunjua. "Vifungo hivyo, nani mwingine ataniletea kazi kama hii? Nataka kuona kama mikono imerudi." Akavuta tepu shingoni mwake. "Simama vizuri, mwanangu. Nyanyua mikono."

Siku ya harusi mimi na yeye tulikwenda hadi kanisani, lakini hatukuingia. Tulisimama ng'ambo ya njia, pamoja na watu waliokuja kutazama tu. Fideli alitoka wa kwanza, kisha bibi harusi, na walipogeuka kupanda gari tuliona mgongo wote, safu ile ndefu ya vifungo, imenyooka kutoka juu mpaka chini. Wanawake waliokuwa karibu nasi walipiga vigelegele. Nilimtazama Yaya Bea nikitafuta machozi, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilidhani lazima yawepo. Alikuwa amekunja macho kwa ajili ya jua, kichwa amekiinamisha upande.

"Bega la kushoto limepanda kidogo," akasema, na akanishika mkono turudi nyumbani.